Hilfu ya Babu na Kahawa ya Mjomba

Namshukuru Mwenyezi Mungu kabla sijashika kalamu, na nitamshukuru nikishaiweka chini. Yeye ndiye aliyetufanya mataifa na makabila ili tujuane, na sisi kwa uchache wa akili zetu tukadhani tumefanywa hivyo ili tupange safu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, ambaye watu wa Makka walipokaribia kumwaga damu kwa kugombania nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake, alitandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia kila ukoo ushike upande wake wanyanyue pamoja. Ugomvi wa mji mzima ukamalizika kwa kipande cha nguo.

Mjukuu wangu wa kike anasoma Maskati. Alikuja likizo, akakaa na kitabu chake barazani, akaniuliza: "Babu, inakuwaje mtu mmoja auliwe katika mji mmoja, na dunia nzima iende kupigana?"

Nikamwambia: "Nenda kamuulize bibi yako habari ya punda."

Bibi yake alikuwa anachambua mchele. Alicheka mpaka akafunika uso kwa ushungi. Mtoto akadhani tunamfanyia mzaha, akarudi kwenye kitabu chake amenuna. Basi namwandikia yeye kwanza, na wengine wasome naye.

Tulifika Ibra, mji wa bara mbali na Maskati, mwanzoni mwa miaka ya sabini, watu watatu: mimi, bibi yangu mzaa mama, na mjomba wangu, ambaye ni mwanawe. Wazazi wangu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, Unguja. Nchi hii ndiyo kwanza inafunguka, skuli zinafunguliwa hata chini ya mahema, na mtu yeyote aliyejua kusoma na kuandika alishikwa mkono na kupewa chaki. Mimi nilikuwa nimesoma chuoni kwa masheikh, kisha skuli. Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni. Nilipozungumza sokoni watu walinyamaza, kama wanasikiliza hotuba ya Ijumaa, kisha muuza vitunguu akiniuliza kwa upole: "Sasa, mwalimu, unataka vitunguu au hutaki?"

Asubuhi nilisomesha watoto. Baada ya sala ya Alasiri nilisomesha watu wazima: wakulima wa mitende, wenye maduka, dereva mmoja wa lori, na wazee waliomzidi umri marehemu baba yangu. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, na fimbo zao zimelazwa chini ya meza. Nilisomesha kusoma, hesabu, na historia. Kusoma walikutaka. Historia waliivumilia kwa heshima yangu.

Siku moja tukafika kwenye mlango wa Vita Vikuu vya mwanzo. Nilichora madola ya Ulaya ubaoni kwa duara, nikayaunganisha kwa mistari. Mzee mmoja alikuwa ameshasinzia. Nikasema, kwa kutafuta neno tu, kwamba ile mistari ni hilfu.

Wote wakakaa wima.

Hilfu, kwa msomaji asiyeijua, ni ahadi ya kabila na kabila: adui yako ni adui yangu, na ugomvi wako ni wangu. Ibra ilikuwa na mtaa wa juu na mtaa wa chini, na kila mtaa una minara yake, na ile minara haikujengwa kwa kutazamia mwezi. Zamani za mababu walipigana kwa bunduki. Zama zetu bunduki zilikuwa zimeshatundikwa ukutani kama mapambo, lakini zile ahadi zilibakia vichwani mwa watu, nzima kabisa.

"Mwalimu," akasema dereva, "huyo kijana aliyemuua mrithi wa kiti, alikuwa mtu wa nani?"

"Mserbia. Lakini raia wa mfalme wa Austria."

"Basi ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Wangelimalizana wenyewe."

"Mfalme alitaka kuitia adabu Serbia. Akamuuliza kwanza Mjarumani: uko pamoja nami?"

"Akasemaje?"

"Akasema: fanya utakalo, mimi niko nyuma yako."

Mkulima mmoja akapiga paja lake. "Hapo ndipo palipoharibika. Mwenye hasira ukimwambia uko nyuma yake, hageuki tena."

"Na Mserbia nyuma yake yupo nani?" akauliza mwengine.

"Mrusi."

"Na Mrusi?"

"Ana hilfu na Mfaransa. Basi Mjarumani akataka amuwahi Mfaransa kabla Mrusi hajajikusanya, akapita kwa Mbelgiji, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Na Mwingereza alikuwa ameweka ahadi ya zamani kwamba Mbelgiji asiguswe."

Yule mzee aliyekuwa amesinzia akasema: "Kapita shambani mwa mtu bila ya idhini. Haya, sasa tunafahamiana."

Wakaniuliza habari ya Sultani wa Waturuki. Nikawaambia alikuwa amewekeana na Mjarumani hilfu ya siri. Hilo hawakulipenda hata kidogo. Mkulima akasema hilfu ya siri ni shimo lililofunikwa kwa makuti, na atakayetumbukia wa mwanzo ni mwenye shimo. Tulipotoka kwenda kusali Magharibi walikuwa bado wanagombana njiani, wa mtaa wa juu wanamtetea Mjarumani na wa mtaa wa chini wako na Mwingereza. Sikupata kuona darasa lenye furaha kama lile.

Nyumbani nikamsimulia bibi. Yeye alikuwa msichana Unguja wakati ule, na manowari ya Mjarumani ilipoipiga ya Mwingereza pale bandarini, alfajiri, mama yake alikuwa anakoroga uji.

"Mwiko ulimruka mkononi," akasema. "Tukadhani mbingu imepasuka. Tulikuwa na jirani yetu mkwezi, mtu mpole, anatuangulia madafu. Baadaye wakamchukua kwenda bara kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Mkewe akikaa pale ukumbini kwetu anauliza: jamani, huyo aliyeuliwa huko Ulaya ni nani hata mume wangu amebebeshwa jeneza lake? Hakuna aliyejua. Mie mwenyewe nimejua leo, kwa kuambiwa na wewe."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Binti alikuwa wa mtaa wa juu. Baba yake alikaa Pemba miaka mingi kabla ya kurejea, na nyumbani kwao Kiswahili kilizungumzwa kuliko Kiarabu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa njia ya halali, mbele ya baba yake na mama yake, na katika kumwona huko yeye aliuliza swali moja: kama ni kweli kwamba mimi nikizungumza sokoni watu wananyamaza. Nikasema ni kweli. Akasema, "Nyumbani hatutanyamaza." Posa ikakubaliwa. Ndoa tukaipanga ifungwe baada ya Idi, na mjomba wangu akaanza kutafuta mchele mzuri na kuuliza bei ya mbuzi.

Hapo ndipo punda alipoingia, na namaanisha punda hasa.

Alikuwa punda mweupe, mkubwa, wa mtu wa mtaa wa chini. Alikata kamba akaingia katika konde la majani ya mifugo la mtu wa mtaa wa juu, akala alivyotaka. Mwenye konde akamchukua, akamfunga uani kwake, akasema hatoki mpaka mwenyewe aje aombe radhi. Mwenyewe akaja, lakini si kwa kuomba radhi. Maneno yakapanda, mikono ikanyanyuka, na kilemba cha mwenye punda kikaanguka chini mbele za watu. Wengine walisema kilivutwa, wengine walisema kilianguka chenyewe, na nimesikia habari zote mbili kwa mtu yule yule.

Punda angelirejeshwa siku ile ile. Lakini kilemba cha mtu mzima kikishagusa vumbi, si kitu cha kuokota na kukung'uta tu.

Mwenye punda akaenda kwa jamaa zake. Jamaa zake wakasema tuko nyuma yako. Mwenye konde naye akaenda kwa wake, akapata jibu hilo hilo. Siku ya mnada wa maji ya falaji, yaani mfereji unaonywesha mashamba ya mji, watu wa juu hawakutaka kuwauzia zamu zao watu wa chini. Watu wa chini ndio wenye malori, wakakataa kuchukua tende za watu wa juu. Kijiji cha jirani, ambacho hakijapata kumwona yule punda hata mkia, kikatuma salamu kwamba kipo tayari. Darasani kwangu viti vya upande mmoja vikawa vitupu.

Mimi nilikuwa natazama kama mtu anayetazama mvua akiwa dirishani. Sisi ni watu wa Unguja, nikajiambia, haya hayatuhusu. Ndipo wakaja nyumbani wazee watatu wa mtaa wa chini, wamevaa majambia yao, wakakaa barazani na mjomba akawatilia kahawa.

"Mwanetu," akasema mkubwa wao, "wewe ni wetu."

"Namshukuru Mungu, ami. Kwa vipi?"

"Babu wa babu yako na babu wa babu yangu walishikana mikono. Maadamu bahari ina chumvi, adui yetu adui yenu."

"Sijapata kuisikia habari hiyo."

"Hukuisikia kwa sababu mlikuwa safarini."

Safari yenyewe ilikuwa ya vizazi vinne. Mjomba akakohoa. Nikauliza wananitaka nini, kwani mimi bunduki sijui hata inashikwa wapi. Wakasema hawataki bunduki. Wanataka nisioe mtaa wa juu mpaka mambo yawe sawa.

"Na yatakuwa sawa lini?"

Mkubwa wao akatazama kikombe chake. "Mambo ya namna hii huchukua muda wake. Lile la mwisho lilimalizwa na baba yangu, na lilianza kabla hajazaliwa."

Kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti ya bibi, kwa Kiswahili, yenye kusikika vizuri: "Miaka yote tumekaa Unguja hakuna aliyetuletea hata kikapu cha tende. Leo mna ugomvi mmetukumbuka."

Nilimwomba Mungu kwamba wasifahamu Kiswahili. Mmoja wao alikulia Dar es Salaam. Akacheka ndani ya ndevu zake, akajidai anafuta pua.

Keshoye akanijia baba wa binti, skulini, akasimama chini ya kivuli cha ukuta kama aliyeitwa na mwalimu. Mwenye konde alikuwa bin ami yake.

"Mwanangu, mie sina neno nawe. Lakini bin ami yangu ameniambia, nikimwoza binti yangu kwa watu wa upande ule, basi nisihudhurie maziko yake. Nifanye nini? Ndoa tuiahirishe."

"Ami, na punda akirejeshwa?"

"Punda hana tatizo. Punda anakula vizuri. Tatizo kilemba." Akanitazama kwa huruma, akaongeza: "Na nikufiche nini, kuna mtoto wa khalati yake binti, dada wa mama yake, anakaa Sur, naye ameshaleta salamu za posa. Ana gari jipya. Mimi gari silitaki, lakini mama yake binti ameshaniuliza mara mbili lina rangi gani."

Posa inayolala aghalabu hulala moja kwa moja, na hilo nililijua. Nilisali, nikaomba, nikasoma, na usoni nilijaribu kuwa mtulivu kama inavyompasa mtu wa dini. Bibi akaniambia nimekonda.

Alasiri ile niliingia darasani kwenye nusu ya watu wangu. Somo lilikuwa siku zile baina ya mauaji na mizinga. Nikawaeleza kwamba hazikuwa siku za kupigana bado, zilikuwa siku za kupelekeana simu na barua. Mabalozi waliingia na kutoka. Mmoja alimpa mwenzake saa chache tu za kujibu. Mwingereza alisema tukutane tuzungumze, na wengine wakasema wakati umepita, majeshi yameshaitwa na treni zimeshapangwa, zikisimamishwa zitagongana. Na kila mmoja, ukimuuliza, alisema yeye hataki vita, anatimiza ahadi yake tu.

"Hakuna aliyekwenda akaweka kikombe chini?" akauliza dereva.

Nikamuuliza kikombe gani. Wakanicheka wote. Wakanieleza kuwa hapa mtu akiwa na ombi kubwa, huenda na wenziwe mpaka sabla ya yule anayeombwa, ule ukumbi wa wanaume wa kupokelea wageni. Wakiletewa kahawa, mgeni hukiweka kikombe chake chini bila ya kukigusa kwa mdomo, akasema: hatunywi mpaka utupe haja yetu. Na ni aibu kubwa kwa mwenye nyumba wageni waondoke kahawa yao imepoa.

"Mbona hamwendi?" nikasema.

"Nani aende? Mimi ni wa chini," akasema dereva. "Jirani yangu huyu ana hilfu nasi. Yule ana hilfu nao. Wewe mwenyewe umo. Mji mzima hamna mtu asiyemo."

Nilirudi nyumbani na hayo. Bibi alikuwa anakuna nazi aliyoletewa kutoka Salala, na nazi huku ilikuwa kitu cha kusherehekea.

"Mimi simo," akasema bila ya kunyanyua kichwa.

"Humo vipi, bibi?"

"Hilfu ni ya babu za baba yako. Mimi ni mama wa mama yako, kabila langu na la marehemu mume wangu ni jengine, na hapa Ibra hatujashikana mkono na mtu. Na kama mimi simo, mwanangu naye hamo." Akamtazama mjomba, aliyekuwa anasafisha dele la kahawa. "Nenda wewe."

Mjomba alikuwa mtu wa baraza. Unguja alikunywa kahawa asubuhi na jioni mahali pale pale kwa miaka, na Kiarabu chake kilitosha kusali na kununua samaki. "Mie nikaseme nini kwa watu?" akasema.

"Usiseme kitu. Kaa tu."

Wa kusema tulimpata kwa rehema ya Mungu. Mwenzangu skulini, mwalimu wa Kurani, alikuwa mtu wa Nizwa, na watu wake hawakuwa na hilfu na yeyote Ibra. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na anapenda halua kupita kiasi. Nilipomweleza akaniambia: "Mtume ametuamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na akiwa ndiye dhalimu. Wakamuuliza, dhalimu tumnusuru vipi? Akasema, kwa kumzuia mkono. Hao Wajarumani wako laiti wangelimshika mkono yule mfalme, na hawa wetu vilevile. Twende Alhamisi."

Tukaenda wanne: yeye, mjomba, mfanyabiashara mmoja kutoka Manah aliyekuwa amekuja kununua mbuzi, na mimi nyuma kabisa, karibu na viatu, kwa kuwa nilikuwa na haja yangu mle. Njiani nilimweleza mjomba habari ya kikombe. Akasema ndiyo, ndiyo, nimefahamu, huku akitazama mashamba.

Sabla ilikuwa imejaa watu wa mtaa wa juu. Mwenye konde alikaa katikati, mtu wa makamo, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilipomwona nilifahamu kwamba naye amechoka na hajui njia ya kutokea. Baba wa binti alikuwa pembeni, anatazama mkeka. Uani, kupitia mlangoni, yule punda mweupe alionekana amesimama mbele ya fungu la majani. Alikuwa amenenepa. Nakwambia kweli, katika siku zake za kufungwa alikuwa ameshakula zaidi kuliko alivyoiba.

Ikaletwa halua, kisha mtoto mkubwa wa mwenye nyumba akaanza kupitisha kahawa. Mtu wa Nizwa akakipokea kikombe chake, akakiweka mkekani. Watu wote wakamgeukia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tumekuja na haja na hatutakunywa mpaka tupewe: punda arejeshwe, na mwenye punda avishwe kilemba kipya kwa mkono ule ule uliodaiwa kukiangusha cha zamani. Mfanyabiashara wa Manah naye akaweka chake. Mwenye konde akainamisha kichwa. Alikuwa anatafuta jibu, na niliona midomo yake inajikunja kutaka kusema hapana.

Hapo tukasikia fyooo.

Mjomba alikuwa amekunywa. Amekunywa kwa ile sauti ya barazani Unguja, ya mtu anayetaka mwenye kahawa ajue kwamba imepikwa vizuri. Akafumba macho. Akasema, kwa Kiarabu chake cha samaki: "Wallahi, ndugu yangu, tangu nitoke Unguja sijapata kuonja kahawa kama hii." Kisha akanyoosha mkono na kikombe kitupu, aongezwe.

Mtoto aliyeshika dele akamtazama baba yake. Mtu wa Nizwa akafumba macho naye, lakini si kwa utamu. Mimi nilikuwa nahesabu viatu.

Maana mambo yalikuwa hivi. Mgeni wa ombi hanywi mpaka akubaliwe. Huyu amekunywa. Kwa hiyo ama amekubaliwa, ama amefedheheka mbele ya watu, mtu mzima, mgeni, ndani ya nyumba ya mwenye konde, baada ya kuisifu kahawa yake kwa kiapo.

Mwenye konde akamtazama mjomba kwa muda. Mjomba akatabasamu, kikombe bado mkononi. Na yule mtu mwembamba akaanza kutikisika mabega. Nilidhani ni hasira. Kumbe kicheko, kinamtoka kwa nguvu kama maji yaliyokuwa yamezibwa.

"Huyu," akasema, "huyu amenikubalisha kabla sijafungua mdomo! Mtilie, mwanangu. Mtilie. Atakunywaje mtu kahawa yangu halafu niseme sijakubali?"

Sabla yote ikacheka. Baba wa binti alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. Mtu wa Nizwa akanyanyua kikombe chake haraka, kabla mtu hajabadilisha fikra, akanywa, akajikatia kipande cha halua kama mlango.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza mjomba: "Si nilikwambia usinywe?"

"Ulisema mwenye kusema ndiye hanywi. Mimi sikusema. Na kwetu, mwanangu, ukikataa kahawa ya mtu nyumbani kwake umemtukana. Tumekuja kutafuta sulhu au kutukana watu?"

Nikainama nikatafuta viatu vyangu.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa, mwenye konde alimvisha mwenye punda kilemba kipya, cha sufi ya Kashmiri, mbele ya msikiti. Alikifunga vibaya kwa haraka, mwenye punda akamwambia, "Ukiweza kuangusha, uweze na kufunga," wakacheka, akakifungua akaanza upya. Punda alikataa kwenda kwao. Ilibidi avutwe na watu wa mitaa yote miwili, wa juu wanasukuma na wa chini wanavuta, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya mwanzo waliyoifanya pamoja tangu minara ilipojengwa. Maji yakauzwa, tende zikapakiwa. Kile kijiji cha jirani kikatuma salamu kuuliza kama bado kinahitajika.

Ndoa yetu ilifungwa baada ya Idi kama ilivyopangwa. Wazee watatu wa hilfu walikuja na mbuzi wawili na kikapu kikubwa cha tende, wakampelekea bibi mlangoni, na yule aliyekulia Dar es Salaam akamwambia kwa Kiswahili safi: "Shikamoo, bibi. Hizi ni za miaka yote ile." Bibi akaitikia marahaba, akaonja moja, akasema zimechelewa lakini ni tamu. Mtoto wa khalati kutoka Sur naye alikuja, na katika gari lake jipya, ambalo lilikuwa la kijani, ndimo alimopakiwa bibi harusi kuletwa kwetu. Hakusema neno baya. Mungu ampe kheri popote alipo.

Darasani viti vikajaa tena. Tulipofika kwenye vita vya pili nikawaeleza jinsi Mjarumani na Mrusi, mahasimu wakubwa, walivyoandikiana kwamba hawatapigana, kisha wakaigawa Polandi baina yao, na Mwingereza na Mfaransa waliokuwa wameiahidi Polandi wakaingia vitani. Mkulima yule akasema hiyo si hilfu, hao ni fisi wawili wameonana juu ya mbuzi mmoja, na akabashiri, kabla sijafungua ukurasa wa pili, kwamba hawatafika mbali. Ikawa hivyo. Dereva alitaka kujua kama safari ile ya pili alipatikana mtu wa kunywa kahawa. Nikasema hakupatikana. Mimi nilikuwa namfikiria yule mkwezi wa Unguja na mkewe.

Sisemi kwamba wafalme wa Ulaya walihitaji mjomba wangu. Madola makubwa yana mambo yake, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nasema kwamba niliona kwa macho yangu jinsi watu wema, kila mmoja anatimiza ahadi yake, walivyofika mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyetaka kufika, na jinsi mwenye hasira alivyofurahi alipopatiwa njia ya kurudi.

Mjomba na bibi wamekwishatangulia. Mke wangu, ninapomsomea haya, ananisahihisha: fyooo ya mjomba ilisikika mpaka kwa wanawake, nyumba ya pili, nao wakajua kabla yetu kwamba harusi ipo. Kama alivyoahidi siku ile, nyumbani hatukupata kunyamaza, na kwa hilo namshukuru Mola asubuhi na jioni.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, mjukuu wangu au mtoto wa mwenzangu, Mwenyezi Mungu akupe jamaa watakaokushika mkono unapokosea, akupe moyo wa kucheka katikati ya hasira, aijaalie nyumba yako iwe na kahawa ya moto na mgeni wa kuinywa, na atukutanishe sote kwenye amani yake isiyo na mtaa wa juu wala mtaa wa chini. Amin.